Jalada Lililokusanya Msiba

Kazi ya kutengeneza jalada la jarida la shule nilipewa kama adhabu, na mpaka leo naamini viboko vingekuwa nafuu. Viboko vina mwisho. Unachapwa, unajikuna, unarudi darasani kuwasimulia wenzako huku ukiongeza chumvi. Jalada halina mwisho. Likishatoka mikononi mwako linatembea lenyewe, tena linatembea kwa kasi kuliko wewe.

Ilianza hivi. Nyuma ya daftari langu la Jiografia nilichora jarida la uongo. Katikati nilimweka mwalimu wetu wa nidhamu, mkono kiunoni, suruali imekomea juu ya kifundo cha mguu kama inayoogopa matope. Juu niliandika jina la jarida kwa herufi nene, kisha kichwa chake nikakipitisha mbele ya herufi mbili za katikati. Pembeni nikapanga vichwa vya habari. MBINU SABA ZA KUTEMBEA BILA VIATU KUSIKIKA. UGALI WA SHULE WAHOJIWA, WAKATAA KULAINIKA. NDANI: ALIYECHEKA MSTARINI MWAKA JUZI BADO ANATAFUTWA. Daftari likazunguka darasa zima chini ya madawati, watu wakicheka kwa pua, na mwisho wa safari yake likamfikia mwenye sura.

Hakunichapa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alinipeleka kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu alikuwa mzee, muhula wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Alikuwa hafoki. Alikuwa anaongea polepole kama mtu anayeosha glasi, na shule nzima tulikuwa tunauogopa upole ule kuliko fimbo. Aliliweka daftari mezani, akavaa miwani, akasoma kila kichwa cha habari, hata kile cha ugali. Mimi nimesimama.

"Kwa nini kichwa kimeziba jina?" akauliza.

Sikutegemea swali hilo. Mtu mwenye hofu hana muda wa kutunga uongo, kwa hiyo nikasema kweli.

"Mkuu, jarida linalojulikana haliogopi kuzibwa jina. Watu wanalitambua hata likionekana nusu."

"Nani kakufundisha?"

Nikamwambia. Maktaba yetu ina boksi la majarida ya zamani, yameliwa na panya kwenye kona, ambayo tunayachana kujalidia madaftari. Wenzangu wanachana tu. Mimi nilikuwa nayatazama kwanza. Na kwa kuwa hofu inanifanya niongee kama cherehani, nikamwaga yote pale ofisini: kwamba jina linakaa juu kwa sababu muuzaji anayapanga majarida yakilaliana kama mabati, yanayoonekana ni makali ya juu tu. Kwamba sura lazima ikutazame machoni, kama shangazi anayesubiri shikamoo yako, usiweze kupita bila kusimama. Nyekundu na njano ni za kupigia kelele. Neno SIRI linakuahidi nyama, ukifungua ndani unakuta mchuzi.

"Na watu wa heshima wanakatwa kifuani, mkuu. Wachekeshaji ndio wanapewa miguu."

"Ndiyo maana mwalimu umempa miguu," akasema mkuu.

Mwalimu wa nidhamu alikohoa. Mimi nilitazama sakafu na kuomba ifunguke.

Mkuu akavua miwani. "Jarida la mwisho wa muhula litakuwa na picha yangu, maana ndiyo naondoka. Jalada utatengeneza wewe. Nataka jalada la heshima. Sitaki makelele, sitaki rangi za vitenge, sitaki siri. Ukiniletea makelele, kidato cha nne utakisomea jikoni kwa mama yako."

Akanipa bahasha yenye picha yake, ya kichwa na mabega, nyeusi na nyeupe, ya zamani kidogo. Kwenye picha alikuwa anatazama pembeni, juu, kama mtu aliyeitwa na sauti ambayo sisi hatuisikii. Naiandika hivyo sasa. Siku ile niliona mzee kapendeza.

Ijumaa mstarini mkuu alitutangazia kwamba mchana anakwenda Singida Mjini kupasuliwa ngiri. "Jambo dogo," akasema. "Nitarudi kuwakagua kucha." Tukacheka. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kwenda mjini siku hiyohiyo, kwenye steshenari, nikatoe nakala ya kwanza ya jalada.

Pale steshenari alikuwepo dada mmoja wa kompyuta, mpole, kucha ndefu, anachapa bila kutazama vidole. Nikampa picha. Nikamwambia nataka jalada la heshima, la mzee, lisilo na makelele. Alinitazama kwa huruma. Mimi nikadhani ni kwa sababu ya sare yangu, ambayo kola ilikuwa imeshakata tamaa.

"Ni wa familia?"

"Hapana dada, mkuu wetu wa shule."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa," nikajibu, nikijua ananipa pole ya safari na vumbi.

Akafungua kompyuta akatoa fremu iliyokwisha kutengenezwa. Akaniambia anaitumia sana, watu wa mjini wanaipenda. Ilikuwa na mviringo katikati kama yai, na maua meupe yakipanda pembeni kutoka chini. Picha ya mkuu ikaingia kwenye yai lile kana kwamba ilizaliwa humo. Nikafurahi. Nikakumbuka kitisho cha jikoni kwa mama yangu, nikaanza kuondoa kila kitu nilichowahi kujifunza kuhusu majalada. Nyekundu nje. Vichwa vya habari nje. Jina la jarida nikalishusha chini kabisa, dogo, kama mtu aliyechelewa ibada. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nikamwambia dada aandike jina la mkuu chini ya picha, na chini ya jina aweke mwaka alioanza kufundisha, kistari, halafu mwaka huu.

"Vizuri," akasema dada kwa sauti ya chini. "Alitumikia."

"Sana," nikasema.

Naomba nieleweke. Kijijini kwetu mtu akifa hachapishiwi kitu. Kengele ya kanisa inagongwa au spika ya msikiti inatangaza, wanawake wanajitwisha kuni, basi, msiba umejulikana. Mambo ya vijitabu vya ratiba, na picha ya marehemu kwenye yai la maua, na miaka miwili iliyotenganishwa kwa kistari, ni ya watu wa mjini. Mimi nilikuwa nimeyasoma majarida boksi zima, lakini sikuwahi kuzikwa mjini wala kuhudhuria aliyezikwa huko.

Nilirudi shuleni mchana, ofisi ya mkuu imefungwa, yeye ameshaondoka na mkewe. Walimu wako kwenye kikao. Nikafikiri nilifungie begini mpaka Jumatatu, lakini sifa zikaniwasha. Nikachukua pini nne nikalibandika kwenye ubao wa matangazo, katikati, nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Lilikuwa zuri. Lilikuwa kimya. Nikaenda zangu nyumbani.

Sasa kuna mzazi mmoja, ambaye hakuna anayemkumbuka sura, alikuja jioni ile kuulizia godoro la mwanawe lililopotea bwenini. Hakulipata godoro. Alipata jalada. Akatoa simu akapiga picha.

Jumamosi asubuhi niliamka nikamkuta mama uani anafunga mzigo wa kuni. Amejifunga kanga mbili, kichwani kitambaa cheusi.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Vaa sketi ndefu. Chukua ule unga kwenye ndoo. Mkuu wenu wa shule hatunaye."

Nilihisi mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni.

"Nani kasema?"

"Kila mtu kasema. Picha imetoka tangu jana jioni." Akaniletea simu. Kwenye kundi la wanakijiji kulikuwa na picha, na chini yake maneno: Poleni wana wa shule yetu, tumempoteza baba. Halafu vijisura vinavyolia, safu tatu. Na picha yenyewe, sikuhitaji kuikuza. Mviringo. Maua. Kistari. Kwenye kona ya juu kulia, pini yangu ya kijani.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo nilifungua. Lakini mama aliendelea: "Alipasuliwa jana. Wanasema hakuamka." Na mdomo ukajifunga wenyewe, kwa sababu sasa nilikuwa na hofu mbili na sikujua ipi ni ya kweli. Huenda watu wameona jalada langu wakadhani mzee amekufa. Lakini huenda pia mzee amekufa kweli kule hospitali, na jalada langu lilitangulia kumwita. Kwetu kumfanyia aliye hai mambo ya maiti ni kumchuria. Hata mtoto akilala amejifunika shuka mpaka kichwani anaamshwa kwa kofi. Mimi nilikuwa nimemchuria mtu mzima, kwa kompyuta, kwa maua, siku aliyolala mezani kwa madaktari.

Tukatoka. Mama mbele na kuni, mimi nyuma na unga. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuungama na kila sentensi ilikuwa inaanza vizuri na kuishia kaburini. Mama akageuka mara moja tu.

"Wiki iliyopita ulikuwa unamwigiza anavyotembea. Unaona sasa?"

"Naona, mama."

"Mpigie mke wake," akaniambia akinipa simu yake, "labda atapokea." Nikapiga. Ya mkuu, niliyoijaribu kwanza, ilikuwa haipatikani. Ya mkewe iliita, ikaita, bila jibu. Baadaye tulipofika nyumbani kwao nikapiga kwa mara nyingine na nikaisikia inaita ndani ya nyumba, juu ya kabati. Aliisahau. Sijawahi kusikia simu ikiita vibaya namna ile.

Nyumbani kwa mkuu si mbali na barabara ya Ikungi. Tulipokaribia nilitegemea kusikia kilio. Nikasikia fimbo. Fimbo nyingi, zinapiga kitu. Tukaingia uani, na nikaona kitu ambacho sitakisahau: watu wazima karibu arobaini, macho mekundu, wanapura alizeti.

Shangazi mmoja akamvuta mama pembeni akamnong'oneza, na mimi nikasikia. Mama mzazi wa mkuu, bibi kizee mwenye ugonjwa wa moyo, yuko ndani. Hajaambiwa. Kwa desturi yetu mama hapewi habari ya mwanawe na yeyote tu; anasubiriwa mtu wa damu, mkubwa, ndiye anayejua namna ya kuifikisha. Mtu huyo ni mdogo wake bibi, mjomba wa mkuu, naye anakuja kwa pikipiki kutoka Mitundu, yuko njiani tangu alfajiri. Mpaka afike, bibi ameambiwa kwamba wanakijiji wameguswa tu na moyo wa kumsaidia kupura alizeti zake. Kwa hiyo kila aliyekuja kulia alipewa fimbo.

"Mjomba akifika?" mama akauliza.

"Ataingia ndani amwambie. Mtu wa zahanati yuko hapa na dawa, endapo."

Endapo. Bibi atakufa kwa habari ya mwanawe ambaye huenda yuko hai anakunywa uji, na atakayekuwa amemuua ni mimi na pini nne.

Nikamtafuta kwa macho mwalimu wa nidhamu. Alikuwa katikati ya uwanja, ndani ya koti, anasimamia kupura kama anasimamia usafi wa mazingira. "Nyie wa kule, pigeni kwa pamoja! Na wewe usilie juu ya alizeti, zitaoza!" Nikaenda, unga bado kichwani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanitazama kwa upole. "Nimeliona jalada. Umefanya kazi ya heshima. Na umewahi, mtoto. Wewe nani alikuambia kabla yetu?"

"Hakuna aliyeniambia, mwalimu."

"Basi ulijuaje?"

"Sikujua kitu. Ni lile jarida. La adhabu."

Fimbo ya mtu wa jirani ikasimama hewani.

"Jarida gani?"

"La shule, mwalimu. La mwisho wa muhula. Mkuu alisema hataki makelele."

Nilimwona akihesabu. Siku aliyonipeleka ofisini. Bahasha. Ijumaa. Uso wake ukabadilika rangi kutoka kaki kwenda majivu. Akanishika bega, si kwa ukali, kama mtu anayetafuta pa kushikilia.

"Kwa hiyo mkuu hajafa?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui vipi?"

"Mimi nimetengeneza jalada tu. Kufa kwake sijui."

"We mtoto!" akasema kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kulitoka na mate. "Yuko hai au amekufa, chagua moja!"

Sijawahi kutamani kuchagua kitu namna ile. Na kabla sijajibu, tukasikia pikipiki.

Ilikuja na vumbi lake lote. Mjomba akashuka, mzee mwembamba, kofia imebanwa na skafu, nyusi zimejaa mchanga mpaka anaonekana kama amefufuliwa yeye. Alikuwa amelia njiani; machozi yalikuwa yamechora mifereji miwili kwenye vumbi la mashavu. Mwalimu alimkimbilia, lakini huwezi kumrukia mzee wa watu na habari bila salamu, na mjomba alikuwa mtu wa salamu ndefu. Shikamoo mzee. Marahaba. Poleni na msiba. Poleni na nyie. Habari za Mitundu. Za huko nzuri, huku ndiko kubaya. Mwalimu anajaribu kuingiza neno, mjomba anasonga mbele kuelekea mlangoni, watu wanampisha, wanawake wameanza kushika vichwa.

"Mzee, kidogo tu, kuna mkanganyiko—"

"Mwalimu, niachie. Hili ni la kwangu."

Mlango ukafunguka kabla hajaugusa. Bibi alitoka mwenyewe, mdogo, amejifunga kanga kifuani, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Akamtazama mdogo wake. Akatutazama sote, mmoja mmoja, fimbo zetu, macho yetu.

"Miaka yote alizeti zangu nazipura na wajukuu," akasema. "Leo mmekuja kijiji kizima, na wewe umetoka Mitundu. Aliyekufa ni nani?"

Mjomba akavua kofia. Nikaona kifua chake kinapanda, kinajaa lile neno, kinataka kulitoa.

"Hajafa!" nikapiga kelele.

Bibi akageuka. "Nani hajafa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ujinga una ghorofa, na mimi nilikuwa nimefika ya juu. Kwa sababu sasa lazima nitaje jina.

Nilipiga magoti. Sikupanga, miguu iliamua. Nikamwambia kila kitu kuanzia daftari la Jiografia, tena kwa haraka, unga ukinimwagikia usoni kwa sababu sikukumbuka kuushusha. Mjomba alisimama na kofia mkononi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu achapwe," na mwingine akamwambia, "Ngoja kwanza tujue achapwe kwa lipi." Bibi hakupaza sauti. Alikaa juu ya gunia la alizeti.

"Hiyo picha iko wapi?"

Mama yangu akatoa simu. Sasa alikuwa ameelewa kwamba kuni zake zote alizibeba kwa sababu yangu. Bibi akaisogeza simu, akaiweka mbali.

"Macho yangu hayaoni hivi vidogo. Niambie kilichomo."

Kwa hiyo nililisoma jalada langu kwa sauti, mbele ya watu wote wale, kwa mama wa mtu. "Ni yeye, bibi. Ndani ya mviringo. Kuna maua."

"Ya rangi gani?"

"Meupe."

"Endelea."

"Chini kuna jina lake. Na mwaka alioanza kazi. Na kistari. Na mwaka huu."

"Anatazama wapi?"

"Juu, bibi. Pembeni."

Nilijaribu kuliona jalada kama anavyoliona yeye, bila macho, na kwa mara ya kwanza niliogopa kitu nilichokitengeneza. Kila nilichoondoa kwa ajili ya heshima ndicho kilichokuwa kinamfanya aonekane mzima.

"Na yuko hai?" akauliza bibi.

Ningedanganya. Mimi nadanganya vizuri, nimeshamdanganya hata padri. Lakini alikuwa amenishika kidole gumba, kwa vidole viwili, na uongo ukakosa pa kupita.

"Sijui, bibi."

Mtu wa zahanati alisogea hatua moja. Mwalimu wa nidhamu akatoa simu yake na kupiga. Akaweka sauti ya juu ili wote tusikie, na wote tukasikia yule mwanamke wa mtandao akituambia kwa adabu kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akapiga tena. Kila mara yule mwanamke alikuwa na adabu zaidi. Wanawake wawili walianza kulia taratibu, na hakuna aliyewapa fimbo.

Kuku waliingia kwenye alizeti wakala na hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa bado nimepiga magoti, unga umeshikana na jasho, namwomba Mungu kwa mtindo ambao sijawahi kuutumia, bila masharti.

Simu ya mwalimu iliita mkononi mwake, akaiangusha. Mimi ndiye niliyeiokota. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Mkuu.

Nikabonyeza. Nikaweka sauti ya juu.

"Mwalimu," ikasema sauti nzito ya mtu mwenye dawa mwilini, polepole, kama anaosha glasi. "Nimewasha simu nakuta jumbe za pole karibu mia. Kuna mmoja ananiuliza mimi mwenyewe nazikwa lini. Hapo shuleni mmefanya nini?"

Uwanja ulilipuka. Watu walipiga vigelegele, mjomba akakaa chini kwenye vumbi kama gunia lililokatwa kamba, mama yangu akanipiga kofi la mgongo halafu akanikumbatia palepale alipopiga. Bibi hakushangilia. Alinyosha mkono apewe simu.

"Wewe nani?"

"Mimi, mama."

"Wewe wa ngapi?"

"Wa tatu, mama. Kuna nini?"

"Ulivunjikia wapi mkono?"

"Nilianguka kwenye mlango wa zizi, nikamwambia baba ni ng'ombe. Mama, una shida gani? Nani yuko hapo?"

Bibi alifumba macho. "Pumzika," akasema. "Watu wanapura alizeti."

Wazee walikaa kidogo wakakubaliana kwamba kuni za msiba hazirudishwi nyumbani zilikotoka, hiyo nayo ni kuchuria. Kwa hiyo zikawashwa, unga ukasongwa, na kuku wawili wa wale walioiba alizeti wakahukumiwa. Mwalimu wa nidhamu alipita karibu yangu akaniambia neno moja tu, "Jumatatu," na akaendelea kutembea, bila viatu kusikika.

Mimi sikuruhusiwa kwenda jikoni. Bibi alikuwa amenikalisha kando yake kwenye gunia na kunishika kiwiko cha mkono. Nilidhani ananizuia nisitoroke. Kisha nikasikia kwenye vidole vyake moyo wake unavyokimbia, bado, wakati watu wote wameshaanza kucheka, na nikaelewa kwamba hakuwa amepona. Alikuwa amesikia sauti tu. Sauti imekuja, imekwenda.

"Mpigie tena," akaninong'oneza, akinipa simu ya mama yangu iliyokuwa bado mapajani mwake.

Nikapiga. Mkuu akapokea, akasema yuko salama, kidonda kinauma, akauliza nani anaongea, nikampa bibi simu upesi. Akamsikiliza, akairudisha. Dakika tano zikapita.

"Mpigie tena."

Tulimpigia mara sita. Mara ya nne alikuwa amekasirika. Mara ya tano mkewe ndiye aliyepokea akasema amesinzia, na bibi akataka asikilizishwe anavyokoroma, tukakoromewa sote wawili, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Mara ya sita kioo kikawa cheusi kabla haijaita. Betri imekwisha.

Bibi alinitazama kana kwamba nimemuua mwanawe mara ya pili.

"Kachaji," akasema, akaniachia kiwiko.

Duka lenye sola liko mbali, karibu na njia panda. Nilikimbia.